Sukari katika damu: miligramu au milimoli?



Padri wa parokia na katekista wa kijiji si waganga. Lakini kila mmoja wao anajua jambo hili: mgonjwa akirudi kutoka hospitali na karatasi asiyoifahamu, mtu wa kwanza wa kumwonyesha ni yule aliyesoma shule. «Mwalimu, unisomee.» Na katika karatasi hiyo mara nyingi kuna mstari wenyi neno la Kifaransa: glycémie, yaani kadiri ya sukari iliyomo katika damu. Kando ya neno kuna namba. Pengine ni 95. Pengine ni 5,3. Pengine ni 0,95. Mgonjwa anauliza: «Ni nyingi ao ni kidogo?»

Jibu litawashangaza wengine: namba hizo tatu ni kitu kimoja. Damu ni ile ile, sukari ni ile ile. Kinachobadilika ni kipimo tu. Tena wote watatu ni wazima. Lakini mtu asiyetazama kipimo anaweza kumhuzunisha mzima bure, na kumtuliza mgonjwa aliye karibu kufa. Kwa hiyo inafaa tujue vipimo hivyo vimetoka wapi, na jinsi ya kugeuza kimoja kiwe kingine. Hesabu yenyewe si ngumu; kuzidisha na kugawanya kunatosha.

1. Kupima kwa uzito na kupima kwa hesabu

Sukari ikiyeyuka katika maji haionekani tena, lakini haikupotea. Tunaweza kuuliza maswali mawili juu yake. Swali la kwanza: katika lita moja ya maji haya mna uzito gani wa sukari? Jibu litakuwa gramu kwa lita (g/l), ao miligramu kwa desilita (mg/dl). Desilita ni sehemu ya kumi ya lita. Miligramu ni sehemu ya elfu ya gramu. Basi gramu 1 kwa lita ni sawa na miligramu 100 kwa desilita. Hapa hakuna fumbo: ni kuhamisha mkato tu.

Swali la pili ni lingine kabisa: katika lita hiyo mna molekuli ngapi za sukari? Molekuli ni chembe ndogo kabisa ya kitu, ambayo ukiikata tena, kitu hicho si kitu hicho tena. Hapa hatuulizi uzito, tunauliza idadi. Jibu litakuwa milimoli kwa lita (mmol/l).

Mkulima anaufahamu upesi utengano huo. Tuseme punje 1000 za mahindi zina uzito wa gramu 300, na punje 1000 za mtama zina uzito wa gramu 30. Ukinunua gramu 300 za mahindi na gramu 300 za mtama, mizani inasema umepata sawasawa. Lakini mkononi una punje 1000 za mahindi na punje 10 000 za mtama. Mwenyi kupika atafuata mizani. Mwenyi kupanda, anayetia punje moja moja katika shimo, shurti afuate idadi. Tena hana haja ya kuzihesabu zote: akijua uzito wa punje elfu moja, atapima gramu, atagawanya, atapata idadi. Wenyi kujua kemia wanafanya vivyo hivyo.

2. Moli ni nini?

Molekuli ni ndogo mno, haifai kuzihesabu kwa elfu wala kwa milioni. Kwa hiyo wataalamu walichagua fungu moja kubwa sana, wakaliita moli. Kama vile dazeni ni vitu 12, moli ni vitu 602 214 076 000 000 000 000 000. Moli iliingizwa katika vipimo vya kimataifa mwaka 1971. Na tangu tarehe 20 Mei 2019 namba hiyo imewekwa kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Milimoli ni sehemu ya elfu ya moli.

Namba hiyo ina jina la Mwitalia, Amedeo Avogadro, aliyezaliwa Turin mwaka 1776. Waseminari watapenda kujua kwamba masomo yake ya kwanza ya juu yalikuwa ya sheria za Kanisa. Alipata udaktari wake mwaka 1796, kiisha akageukia hesabu na fizika. Mwaka 1811 alifundisha kwamba gasi mbili za namna mbalimbali, zikijaza vyombo vyenyi ukubwa sawa, katika joto sawa na mkandamizo sawa, zina idadi moja ya molekuli. Yeye mwenyewe hakuipata namba ile. Wengine waliihesabu baada ya kifo chake mwaka 1856, wakaipa jina lake kwa heshima.

Sababu gani walichagua namba ngumu namna hii? Kusudi hesabu ya gramu iwe nyepesi. Ukijua uzito wa molekuli moja katika kipimo cha atomi, moli nzima ya molekuli hizo ina uzito wa gramu zilezile. Atomi ya hidrojeni ina uzito wa 1, ya kaboni 12, ya oksijeni 16. Sukari ya damu inaitwa glukosi. Molekuli yake moja ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni. Tuhesabu:

kaboni: 6 × 12 = 72
hidrojeni: 12 × 1 = 12
oksijeni: 6 × 16 = 96
jumla: 180

Basi moli moja ya glukosi ina uzito wa gramu 180, na milimoli moja ina uzito wa miligramu 180. Ndiyo «punje elfu» zetu. Mengine yote yanatoka hapo.

3. Namba 18 imetoka wapi?

Karatasi inasema 1 mmol/l. Maana yake: katika lita moja mna milimoli 1 ya glukosi, yaani miligramu 180. Lakini kipimo cha pili hakisemi lita, kinasema desilita, yaani sehemu ya kumi ya lita. Katika desilita mna miligramu 18 tu. Basi:

1 mmol/l ya glukosi = 18 mg/dl.

Kutoka mmol/l kwenda mg/dl, zidisha kwa 18. Kutoka mg/dl kwenda mmol/l, gawanya kwa 18. Kama karatasi imeandikwa g/l, kwanza zidisha kwa 100 kusudi upate mg/dl, kiisha gawanya kwa 18.

Asiye na kalamu atatumia njia hii: zidisha kwa 20, halafu toa sehemu ya kumi. Mfano, 7 mmol/l: 7 × 20 ni 140, sehemu ya kumi ya 140 ni 14, 140 kutoa 14 ni 126. Na kwa kurudi: gawanya kwa 2, halafu gawanya kwa 9. 126 kwa 2 ni 63. 63 kwa 9 ni 7. Tumerudi tulipoanza, na hiyo ni alama ya kuwa hatukukosa.

Namba hizo mbili, 7 na 126, si za mchezo. Kwa mtu ambaye hajala kitu tangu usiku, sukari ya 7,0 mmol/l, ao 126 mg/dl, ndiyo mpaka uliowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni: kufikia hapo na kupita ni alama ya ugonjwa wa sukari, na mganga atapima tena kusudi ahakikishe. Mpaka wa pili ni 11,1 mmol/l, ao 200 mg/dl, saa mbili baada ya kunywa maji ya glukosi yaliyopimwa. Kwa upande wa chini, mtoto mwenyi malaria kali akiwa na sukari chini ya 2,2 mmol/l, ao 40 mg/dl, yuko katika hatari kubwa ya kufa, hata kama homa imeanza kushuka.

Fikirini pia jinsi sukari hiyo ilivyo kidogo. Mtu mzima ana damu karibu lita 5. Kwa 0,9 g/l, sukari yote inayozunguka katika damu yake ni gramu 4 na nusu, karibu kijiko kimoja cha chai. Ubongo unaishi kwa sukari hiyo. Ndiyo sababu upungufu mdogo unamtupa mtu chini kwa dakika chache.

4. Namba moja, hatari mbili

Sasa tufike mahali penyi hatari. Katika Congo, kwa desturi tuliyoipata kwa Wabelgiji, hospitali nyingi huandika mg/dl, na pengine g/l kama Wafaransa. Katika Uganda, Tanzania na Kenya, waliofuata desturi ya Waingereza, huandika mmol/l. Mwaka 1977 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni ulizishauri nchi zifuate vipimo vya kimataifa katika uganga, lakini nyingi zilibaki na mazoea yao. Basi mgonjwa wa Beni akitibiwa Uganda, ao mtu wa Kalemie akivuka ziwa na kupimwa Kigoma, atarudi na karatasi yenyi lugha nyingine ya namba. Hata mashine ndogo za kupimia kwa tone la damu hutengenezwa kwa kipimo kimoja ao kingine, na ile iliyotoka ng'ambo kama zawadi haikuja lazima na kipimo cha hospitali ya hapa.

Tazameni namba 95 na namba 5,3. Hapa kosa si rahisi, maana namba zimeachana sana: hakuna mtu aliye hai mwenyi sukari ya 95 mmol/l akitembea kwa miguu kuja parokiani. Mwenyi akili atashtuka mwenyewe, atatafuta kipimo.

Lakini tazameni namba 1,8. Kama ni g/l, ni 180 mg/dl, ao 10 mmol/l. Ni sukari nyingi kidogo. Kwa mtu aliyekwisha kula si jambo la kukimbiza usiku, atamwona mganga kwa utaratibu. Kama ni mmol/l, ni 32 mg/dl tu. Mtu huyo sukari yake inakwisha, shurti apate msaada sasa hivi.

Tazameni tena namba 4,0. Kama ni mmol/l, ni 72 mg/dl: mtu mzima aliyeamka na njaa. Kama ni g/l, ni 400 mg/dl: mgonjwa wa sukari aliye katika hatari, anayekunywa maji bila kushiba na kukojoa bila kukoma. Namba moja, watu wawili. Mmoja aende shambani, mwingine apelekwe hospitali.

Kwa hiyo namba bila kipimo si habari. Ukiletewa namba tupu, usikisie. Uliza: imepimwa wapi, kwa mashine gani, mgonjwa alikuwa amekula ao hakula? Na ukiandika namba mahali popote, katika barua, katika daftari ya wagonjwa, katika ujumbe wa simu, andika kipimo pamoja nayo. Kazi yetu ni kusoma sawasawa. Kutibu ni kazi ya mganga. Lakini mganga naye hutibu kwa kufuata kile alichoambiwa.

5. Sababu gani hawaachi idadi na kushika uzito tu?

Mwanafunzi ataniuliza: «Kama gramu ni nyepesi kufahamu, moli ni ya nini?» Jibu ni hili: mwili haubebi mizani. Katika mwili molekuli hukutana moja kwa moja, kama punje na shimo lake.

Mfano mzuri ni dawa ya kunywa ya wenyi kuhara, ile ya pakiti inayoyeyushwa katika lita moja ya maji safi. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza huko Prague kwamba glukosi hupita katika ukuta wa utumbo pamoja na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi. Moja humvuta mwenzake, na maji hufuata nyuma yao. Basi dawa hiyo shurti iwe na glukosi na sodiamu kwa idadi inayopatana. Pakiti iliyoamriwa tangu mwaka 2002 ina gramu 13,5 za glukosi na gramu 2,6 za chumvi ya kawaida, pamoja na chumvi nyingine mbili. Ukitazama gramu, utasema sukari imeizidi chumvi mara tano. Lakini uhesabu:

glukosi: 13 500 mg kwa 180 = 75 mmol
sodiamu ya chumvi ya kawaida: 2600 mg kwa 58,4 = karibu 45 mmol
sodiamu ya sitrati, chumvi ya pili: 30 mmol

Jumla ya sodiamu ni 75 mmol. Sabini na tano kwa sabini na tano! Usawa uliofichwa katika gramu umeonekana wazi katika moli.

Idadi inafaa kwa jambo la pili pia. Maji hufuata upande wenyi chembe nyingi. Chembe zote za dawa ile, ukizijumlisha, ni 245 mmol kwa lita. Za damu ni karibu 290. Kwa hiyo maji hutoka utumboni na kuingia mwilini, ndilo tunalolitaka. Soda ya dukani yenyi gramu 100 za sukari ya miwa kwa lita ina 292 mmol, na sukari hiyo ikikatwa katika utumbo inakuwa chembe mara mbili, karibu 585. Hapo maji yanavutwa kutoka mwilini kuja utumboni, na kuhara kunazidi. Mama anayempa mtoto mwenyi kuhara soda tamu anampa kwa mapendo, lakini hesabu haimsaidii.

6. Sukari si moja

Shurti nionye jambo moja tena. Namba 18 ni ya glukosi peke yake. Mwanafunzi asiishike kama dawa ya kila kitu. Wala asidhani ni ile 18 ya molekuli ya maji. Zimefanana kwa bahati tu. Ya glukosi ni 180 iliyogawanywa kwa 10, kwa sababu ya desilita.

Sukari ya jikoni, kama ile ambayo kiwanda cha Kiliba karibu na Uvira kiliifanya kwa miaka mingi kutoka katika miwa, inaitwa sakarosi. Molekuli yake ni glukosi moja na fruktosi moja zilizoungana na kutoa molekuli moja ya maji: 180 + 180 – 18 = 342. Basi 1 mmol/l ya sakarosi ni 342 mg kwa lita, ao 34,2 mg/dl. Gramu 10 za sukari ya jikoni zina molekuli chache kuliko gramu 10 za glukosi, karibu nusu.

Hapo tutafahamu kanuni ya nyumbani, pakiti inapokosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa kwa kisu, si vya kulundika. Vijiko 6 hivyo ni karibu gramu 25. Gawanya 25 000 mg kwa 342: unapata 73 mmol ya sakarosi. Utumbo unaikata, na kila molekuli inatoa glukosi moja: 73 mmol ya glukosi, karibu ile 75 ya pakiti. Kijiko cha mama na mizani ya kiwanda vimekubaliana. Lakini mwenyi kuongeza sukari kusudi iwe tamu, ao chumvi kusudi iwe kali, ameiharibu.

Hata chupa ya glukosi inayotiwa katika mshipa ina jambo lake. Chupa ya 5 kwa mia ina gramu 50 kwa lita. Kama ni glukosi kavu, 50 000 kwa 180 ni 278 mmol/l. Kama iliandikwa kwamba glukosi hiyo ina maji yake ndani, molekuli ina uzito wa 198, na 50 000 kwa 198 ni karibu 252 mmol/l. Gramu hazikubadilika, idadi imebadilika.

7. Kanuni za kushika

Kwanza, tafuta jina la kitu: glukosi ao sakarosi? Pili, tafuta kipimo: mg/dl, g/l ao mmol/l? Tatu, geuza kwa uzito wa molekuli ya kitu hicho. Nne, rudi nyuma kwa hesabu kusudi uone kama unafika ulipoanzia. Tano, andika namba na kipimo chake pamoja.

Mazoezi

a) Karatasi ya Congo inasema glukosi 144 mg/dl. Mganga wa Uganda ataandika namba gani?
b) Karatasi ya Kigoma inasema 3,5 mmol/l. Iandike kwa mg/dl na kwa g/l.
c) Mgonjwa ana 2,5 g/l. Ni mmol/l ngapi?
d) Umeyeyusha gramu 17,1 za sukari ya jikoni, ukaongeza maji hata ikafika nusu lita. Ni mmol/l ngapi za sakarosi?

Majibu

a) 144 kwa 18 ni 8 mmol/l.
b) 3,5 × 18 ni 63 mg/dl, ao 0,63 g/l.
c) 250 mg/dl kwa 18 ni karibu 13,9 mmol/l.
d) Gramu 17,1 katika nusu lita ni 34,2 g/l, 34 200 mg kwa 342 ni 100 mmol/l. Aliyegawanya kwa 180 amepata 190: amesahau kutafuta jina la kitu kwanza. Asome tena sehemu ya sita.